Kubembeleza na kushawishi kwa Kiingereza: uchague lipi kati ya “persuade”, “coax”, “cajole” na “lure”?

Ukitafuta maneno haya moja moja katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, majibu hujirudia: shawishi, bembeleza, rairai, rubuni. Ni rahisi kudhani yote ni mamoja, kwamba mtu anaweza kuchukua lolote linalokuja mdomoni kwanza. Huko ndiko ripoti, barua na tafsiri zetu nyingi zinakoharibika. Msomaji aliyezaliwa na Kiingereza husikia ndani ya kitenzi kimoja mambo ambayo sisi huyasema kwa sentensi nzima: kama aliyeshawishiwa alikubali, kama alivutwa kwa hoja au kwa sifa au kwa chambo, na kama aliyemvuta alikuwa na nia njema. Ukikosea kitenzi, umemhukumu mtu bila kujua. Mwalimu aliyemrudisha mtoto shuleni kwa upole anaweza kuonekana laghai, na laghai akaonekana mwalimu mwema.

Hapa nayaweka ubavu kwa ubavu yale yanayochanganywa zaidi. Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu hayana mtego mkubwa.

“Persuade”, “convince” na “urge”: je, alikubali?

Sentensi hii, au pacha wake, iko katika ripoti nyingi za miradi zinazoandikwa na watu wetu: “We persuaded the parents to attend the meeting but they refused.” Aliyeandika alikuwa anafikiri kwa Kiswahili: tuliwashawishi wazazi waje kikaoni, wakakataa. Kwa Kiswahili haina kasoro yoyote. Kushawishi ni kazi ya mshawishi; kukubali ni kazi ya mwingine, nayo husemwa kando. Kiingereza kimeyafunga mawili hayo pamoja. Ukisema “I persuaded him”, umeshasema alikubali, na ukiongeza kwamba alikataa, msomaji anarudi nyuma kutafuta alipopotea.

Basi kama mtu hakukubali, au hujui kama alikubali, una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza “tried to”: “We tried to persuade the parents.” Ya pili ni kuchagua kitenzi kinachosimulia juhudi peke yake. “Urge” ni kuhimiza kwa nguvu, mara nyingi kutoka kwa mwenye cheo au mwenye wasiwasi. Ndicho kitenzi cha taarifa kwa vyombo vya habari, waziri akiwahimiza wananchi. “Plead with” ni kusihi, na hutoka chini kwenda juu: anayesihi hana nguvu ila maneno yake. “Beg” ni kuomba kwa kujishusha zaidi. Vyote vitatu vinaweza kufuatwa na “but he refused” bila shida.

Kati ya “persuade” na “convince” tofauti ni ya mahali panapoguswa. “Convince” hugusa imani: mtu sasa anaamini jambo ambalo hakuliamini. “Persuade” hugusa tendo: mtu sasa anafanya. Daktari anaweza kumfanya mgonjwa aamini kabisa kwamba sigara inamuua, “convinced him that smoking was killing him”, na bado asiweze kumfanya aache, “could not persuade him to stop”. Sentensi hiyo moja inatosha kuonyesha kwamba hayo ni mawili. Siku hizi “convince someone to do something” imeenea, hasa Marekani, na magazeti makubwa huiandika. Hata hivyo, kwa mtihani, barua ya kazi au andiko la ufadhili, ninashauri ushike kanuni ya zamani: “convince” ifuatwe na “that” au “of”, “persuade” ifuatwe na “to”. Hakuna msahihishaji atakayekukata alama kwa hilo.

Asili zao za Kilatini zinasaidia kukumbuka. “Persuade” limetoka katika kitenzi cha kushauri ambacho ni ndugu wa neno la Kilatini la utamu. “Convince” limetoka katika kitenzi cha kushinda vitani, na “convict”, yaani kumtia mtu hatiani, ni tumbo moja nalo. Ndiyo maana anayesema “convince” anafikiria ushahidi na hoja, na anayesema “persuade” anaweza kuwa ametumia hoja, upole, au vyote viwili.

“Induce” na “prevail upon” ni maneno ya rasmi yenye maana ya kufaulu. Yaache kwa mikataba na barua nzito. Hospitalini “induce” lina kazi yake maalumu, kumwanzishia mjamzito uchungu, na huko halina mbadala.

Kubembeleza hugawanyika njia nne

Shida kubwa zaidi haiko kwenye kushawishi, iko kwenye kubembeleza. Neno letu hili ni pana mno, na kila tawi lake lina kitenzi chake cha Kiingereza.

Mtoto analia, mama anambembeleza anyamaze: hiyo ni “soothe” au “comfort”. Hakuna anayemtaka mtoto afanye lolote zaidi ya kutulia. Mtoto hataki kula, bibi anambembeleza, kijiko hiki cha baba, hiki cha shangazi, mpaka bakuli la uji linaisha: hiyo ndiyo “coax”. Mume amekosa, anambembeleza mkewe amsamehe: hapo “plead with” ndiyo yenyewe, kwa kuwa anayekosa yuko chini. Na muuza nguo anayembembeleza mteja asiondoke, “Mama, shika hii, sikuuzii ghali, wewe ni wa kwanza leo,” huyo “is coaxing” kama anamtuliza ili aangalie, ila mara nyingi yuko karibu na “sweet-talk”, ambalo tunalifikia hivi punde.

Ukiandika “coax” mahali pa “soothe”, msomaji atajiuliza mtoto alitakiwa kufanya nini. Kwa hiyo kabla ya kuandika “coax”, uliza: kuna hatua gani inayotakiwa mwishoni? Kama hakuna, neno si hilo.

“Coax”: neno la wanyama, moto na injini

Kama ungeniruhusu kutetea neno moja tu katika orodha hii, ningetetea “coax”, kwa sababu halina mwenzake kamili, na sisi hulitumia kidogo kuliko linavyostahili. Lina sehemu tatu ndani yake: anayebembelezwa anasita au anaogopa, anayebembeleza ana subira na anakwenda hatua kwa hatua, na nguvu haitumiki. Ukiondoa mojawapo, Waingereza huhamia neno lingine.

Mfano bora ninaoujua uko Mongolia. Mwaka 2015 kamati ya UNESCO ilipokutana Windhoek, Namibia, iliingiza katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka desturi ya wafugaji wa huko, na jina lake rasmi la Kiingereza ni “Coaxing ritual for camels”. Ngamia jike amezaa, kisha anamkataa mtoto wake. Au mtoto amefiwa na mama, anatafutiwa mama mwingine. Mama hufungwa karibu na ndama. Mwimbaji anaanza wimbo wa sauti moja isiyopanda wala kushuka sana, akirudiarudia neno “khuus”, huku filimbi au zeze lenye kichwa cha farasi likimfuata. Ngamia akiuma au kutema mate, mwimbaji hubadilisha wimbo; akianza kulegea, wimbo hulegea naye. Hufanywa alfajiri au magharibi, na familia isiyo na mwenye ujuzi huo humwalika kutoka kwingine.

Sasa jaribu kubadilisha jina. “Persuading ritual” inachekesha, kwa sababu ngamia hana hoja ya kukubali. “Luring ritual” inamfanya mwimbaji kuwa mwindaji, na ngamia anakwenda kuumia. “Cajoling” inamaanisha kuna sifa za uongo. “Forcing” inafuta wimbo wote. Linabaki “coax”, kwa kuwa ni hilo pekee linaloacha mnyama afike mwenyewe, kwa wakati wake, mahali panapomfaa yeye na mtoto.

Huhitaji kwenda Mongolia. Mfugaji yeyote wa ng'ombe wa kienyeji anajua kwamba jike hakushushii maziwa kwa kuwa umeleta ndoo. Unamwacha ndama anyonye kidogo, chuchu zikijaa unamvuta pembeni, unamfunga mahali mama anapomwona na kumnusa, ndipo unakamua. Kiingereza cha wafugaji ni “to coax the cow into letting down her milk”, na hiyo “let down” ndiyo kushusha kwetu hasa. Ukitafsiri kijitabu cha ufugaji, usiandike “persuade the cow”. Si kosa la sarufi, ila msomaji wa shambani ataona mwandishi hajawahi kushika chuchu.

“Coax” pia hutumika kwa vitu visivyo na roho, na hapa linaachana kabisa na wenzake. Pikipiki kuukuu iliyokataa kuwaka asubuhi ya baridi, ukavuta choki, ukapiga kiki taratibu, ukaipa mafuta kidogo kidogo mpaka ikanguruma: “I coaxed the engine into life.” Mkaa mbichi uliopepewa kwa subira: “She coaxed the fire back to life.” Tabasamu la mtoto mwenye haya: “He coaxed a smile out of her.” Huwezi kusema “convinced the engine”. Sarufi yake ni nyepesi: “coax” mtu au kitu “into” jambo, “out of” mahali, au “coax” kitu “out of” mtu. Paka aliye chini ya kitanda anatoka, “coaxed out from under the bed”. Aliye juu ya paa anashuka, “coaxed down from the roof”.

Cha kushangaza, neno hili halikuanza kwa heshima. Limetokana na “cokes”, neno la Kiingereza cha karne ya 16 lenye maana ya mjinga, na kumfanyia mtu hivyo kulikuwa kumfanya mjinga. Limesafika kwa muda. Nalisema hilo kwa sababu ukisoma maandishi ya kale ya Kiingereza ukakuta “coax” lenye harufu ya udanganyifu, usilirudishe kwa maana ya leo.

“Coax”, “cajole”, “wheedle”: upole unapogeuka sifa

Haya matatu huandikwa katika kamusi kama ndugu, lakini yanashuka ngazi kwa heshima.

“Coax”, kama tulivyoona, lina nia njema au angalau halina nia mbaya. “Cajole”, lililotoka Kifaransa katika karne ya 17, linaongeza sifa, ahadi na kung'ang'ania. Anayefanya “cajole” anasema mengi, anarudi tena kesho, anamwambia mtu kwamba bila yeye hakuna litakalowezekana. Kiswahili kina neno lake sawasawa: kurairai. Mwenyekiti wa kamati ya harusi anayemrairai mjomba tajiri aongeze mchango “is cajoling him”. Hakuna mtu anayekasirika sana, lakini kila mtu anajua kinachoendelea.

“Wheedle” ni chini zaidi. Hapo kuna sauti nyororo ya kujidekeza, na kuna kitu anachokitaka mtu kwa faida yake mwenyewe: fedha, ruhusa, siri. Sarufi yake inaonyesha hivyo, kwa maana mara nyingi huja kama “wheedle something out of someone”, yaani kumtoa mtu kitu. Kijana anayemdekea bibi mpaka amtolee noti iliyofungwa kwenye pindo la kanga “wheedles” hiyo noti. Usimwandikie mtu unayemheshimu neno hili.

Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza na Wamarekani hawasemi “cajole” mara nyingi. Husema “butter up”, “soft-soap” au “sweet-talk”. “Butter someone up” ni kumvika mtu kilemba cha ukoka kabla hujamwomba kitu. Neno “kabla” ni la lazima: siagi hupakwa kwanza, ombi hufuata. Kama mtu anasifu tu bila ombi, hiyo ni “flatter”. “Sweet-talk” lina asili ya Marekani na hufuatwa na “into”: “He sweet-talked the guard into letting us in.” Lina uchangamfu, na linaweza kusemwa kwa kicheko. “Soft-soap” linazeeka, ulijue kwa kusoma, usilihangaikie katika kuandika.

Waairishi wana “blarney”, nomino ya maneno matamu yasiyoshikika, kutoka ngome ya Blarney katika jimbo la Cork, ambako watu hulala chali na kuning'iniza kichwa nyuma kulibusu jiwe wakiamini litawapa ulimi. Ni neno zuri, lenye mapenzi kidogo ndani yake. Ila ni la Ireland, na nje ya Ireland linasikika vizuri zaidi likitumika kwa Mwairishi.

“Tempt”, “entice”, “lure”: hapa usifanye mchezo

Kundi hili ndilo ninaloomba msomaji alitazame kwa makini kuliko yote, kwa kuwa kosa lake huumiza watu.

Neno letu kushawishi linabeba mzigo mara mbili. Upande mmoja ni kumfanya mtu akubali jambo la kheri. Upande wa pili ni kumvuta katika dhambi: Wakatoliki husali “usitutie katika kishawishi”, na kishawishi hicho kwa Kiingereza ni “temptation”. Kwa hiyo kila unapotafsiri kushawishi, swali la kwanza ni upande upi.

“Tempt” ni upande huo wa pili, lakini halisemi kama mtu aliangukia. “I was tempted to buy it” kwa kawaida ina maana nilitamani, na huenda sikununua. Pia halihitaji mshawishi mwenye nia. Keki mezani inaweza “tempt”. “Entice” lina mtu anayetenda, naye anaonyesha kitu cha kupendeza: bei, zawadi, ahadi ya kazi. Linaweza kuwa safi, duka likivutia wateja kwa punguzo, au chafu. “Lure” huelekea upande wa mtego. Asili yake ni katika uwindaji wa kutumia kozi, ndege mla nyama aliyefunzwa: fungu la manyoya lililofungwa kamba, mwenye ndege akilizungusha hewani ili kozi arudi akidhani ni windo. Wasomaji walioko Oman na nchi za Ghuba wanaweza kuwa wamekiona kifaa hicho kwa macho yao. Wavuvi wa burudani nao huita chambo bandia “lure”. Ndani ya neno kuna uongo: kinachoonekana si kile kilichopo.

Sasa chukua sentensi ya kawaida ya magazeti yetu: mtu mzima alimrubuni mwanafunzi kwa chipsi na usafiri wa bodaboda. Nimeona kurubuni huku kukitafsiriwa “persuaded”, na mara nyingine “convinced”. Hilo halikubaliki. “He persuaded the girl” inasema palikuwa na watu wawili wa kulingana, mmoja akatoa hoja, mwingine akaipima, akakubali. Inampa mtoto uamuzi ambao hakuwa nao na inampunguzia mkubwa uovu wake. “Coaxed” ni mbaya zaidi, maana linampa mkubwa upole. Andika “lured” kama alimtoa mahali kumpeleka pengine, au “enticed” kama mkazo uko kwenye vile vitu alivyompa. Na kama alimzoea kwa wiki au miezi, akimpa vizawadi, akijenga siri kati yao, akimtenga na wazazi, Kiingereza cha ulinzi wa watoto kina neno mahususi: “groom”. Zamani lilikuwa neno la kumtunza na kumpiga brashi farasi, na bado ni hilo kwa farasi na mbwa. Kwa watoto lina maana hiyo nzito, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, polisi na mahakama za Uingereza hulitumia kila siku. Anayeandika ripoti kwa shirika la kimataifa anapaswa kuzijua tofauti hizi kuliko anavyojua fonti.

Kuna pahali pamoja “lure” halina lawama: mafunzo ya mbwa. Mkufunzi anaposhika kipande cha nyama puani mwa mbwa na kukipandisha mpaka mbwa akae, hiyo huitwa “luring”, na ni istilahi ya kazi tu. Vichwa vya habari vya biashara navyo huandika “lure investors” au “woo investors”. Mimi ningechukua “attract” kama ninaandika kwa utulivu, na “woo” kama nataka kuonyesha serikali imejitahidi kama mchumba. “Lure investors” ni fupi, ndiyo sababu wahariri wanalipenda, lakini mwekezaji akilisoma haoni sifa ndani yake.

“Encourage”, “nudge”, “prod”, “goad”: kusukuma kidogo, kusukuma sana

“Encourage” ndilo neno salama kuliko yote. Ni kutia moyo na kuhimiza kwa pamoja, halisemi kama mtu alifanya, na halimuudhi mtu. Kama una shaka kabisa, lichukue. Waandishi wa miradi katika Kenya, Uganda na Tanzania wamezoea “sensitize the community” kwa kuhamasisha. Sisi kwa sisi tunaelewana, lakini msomaji wa London hulisikia kama neno la daktari wa ngozi. Kwake andika “encourage”, au “raise awareness” kama ulichofanya ni kutoa elimu tu.

“Nudge” ni kumgusa mtu kwa kiwiko. Lilipata umaarufu mpya kupitia wanauchumi wa tabia kama Richard Thaler, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2017: mazingira hupangwa ili jambo jema liwe ndilo rahisi, na mtu abaki huru kukataa. Uingereza tangu mwaka 2012 imekuwa ikiwaingiza waajiriwa moja kwa moja katika akiba ya uzeeni, na asiyetaka hujitoa mwenyewe. Hiyo ni “nudge”, kwa sababu mlango wa kutokea uko wazi. Ofisini “just a gentle nudge” katika barua pepe ina maana umenisahau, nakukumbusha. Kwa mwenzako ni sawa. Kwa mkubwa wako wa kazi, au kwa mfadhili, chukua “I wanted to follow up”; kiwiko kinahitaji kuzoeana.

“Prod” ni kudukua kwa kitu chenye ncha, na “goad” limetoka kwenye fimbo ya kuswagia ng'ombe. “Goad” ni mchokoo, ule ule wa Matendo ya Mitume 26:14, “ni vigumu kwako kuupiga mateke mchokoo.” Anayefanyiwa “goad” mara nyingi huchokozwa mpaka afanye jambo kwa hasira. Kwa hiyo hilo limetoka nje ya upole kabisa, ingawa baadhi ya orodha za visawe huliweka jirani na “urge”. “Egg on” nalo ni kuchochea: wanafunzi wakimzunguka mwenzao, “mpige, mpige”. Halina uhusiano na yai. Limetoka katika lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia. Na kwa farasi, “break” ni kumvunja kiburi mnyama mbichi, “gentle” likitumika kama kitenzi ni kumzoesha kwa mkono na sauti. Ukitafsiri makala ya wapanda farasi, usiyafanye hayo mawili kuwa “fuga”.

Misemo michache, na wakati wa kuitumia

“Talk someone into” na “talk someone out of” ni farasi wa kazi wa Kiingereza cha kusema. Zote zina maana ya kufaulu. “Into” huwa na kivuli kidogo cha majuto: “My brother talked me into buying it” mara nyingi inasemwa na aliyejuta. “Out of” huwa ya kuokoa: “She talked him out of quitting.” Sokoni, “talk him down to twenty thousand” ni kumshusha mtu bei mpaka elfu ishirini.

“Win over” hutumika kwa mpinzani au mtu baridi aliyegeuka kuwa wa upande wako, na hufaa sana kwa wapiga kura, wakwe na wanafunzi wagumu. “Bring someone round” ni ya Uingereza zaidi na inahitaji muda. Ichunguze isichanganywe na “get round someone”, ambayo ni ya mtoto anayejua udhaifu wa baba yake na kuutumia. Hiyo inakaa karibu na “wheedle”, ila bila ukali wake.

“Twist someone's arm” ukiisoma neno kwa neno ni kumkunja mtu mkono, na yaweza kuwa shinikizo la kweli. Lakini mgeni akiongezwa pilau na kusema “Oh, you've twisted my arm”, anasema nimekubali kwa furaha. Sauti na mahali ndivyo vinavyoamua. Katika maandishi rasmi iepuke.

“Carrot and stick” tumeshaipokea kama karoti na fimbo. Waingereza wenyewe wana picha mbili: karoti iliyoning'inizwa mbele ya punda kwenye ncha ya fimbo asiyoifikia kamwe, na zawadi upande mmoja adhabu upande mwingine. Katika sera na siasa maana ni hiyo ya pili. “Dangle a carrot” hubaki na ile ya kwanza, na humdokeza msomaji kwamba huenda zawadi haitafika.

Ya mwisho ni “sweetener”. Katika mapatano ya biashara ni nyongeza ya halali inayomfanya mtu asaini haraka, kama miezi 2 ya kodi bure kwa mpangaji mpya. Katika Kiingereza cha Uingereza neno hilo hilo ni rushwa kwa lugha laini, chai au kitu kidogo kama tunavyosema. Usiandike katika zabuni kwamba kampuni yenu “offered a sweetener to the council”. Andika “offered a discount”, taja kiasi, na taja nani alikipokea.